Wimbo Ule Kabla Haujaokoka

Kijana yule, mimi minye sikumpenda tangu alipobisha hodi. Mtu anayebisha hodi huku tayari anachungulia ndani, huyo ana lake jambo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi la Kavimvira, kule mpakani, na kifuani alikumbatia kifuko cheusi ambacho hakutaka kukiweka chini hata nilipomsogezea kiti. Akaniuliza kwa Kiswahili cha Bujumbura, kile cha adabu nyingi, "Samahani, mama. Ni hapa anapokaa Charlotte aliyekuwa mwimbaji?"

Nikamjibu, "Charlotte wako wengi. Na kuimba, nani haimbi?"

Jina langu ni Laurette, lakini hapa Kimanga, mtaa wetu wa Uvira, kila mtu ananiita Mama Eliane. Ninauza ndagala, vile visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, kule Kalundu, na kanisani ninaongoza kwaya ya wamama. Mama Charlotte ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Tangu mguu wake ulipovimba, minye ndiye ninayemchotea maji na kumpelekea mboga ya sombe. Hana mtoto wala mjukuu. Kwa hiyo anayemtafuta yeye anaanzia kwangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, nimejipa mwenyewe.

Sasa niambie: mgeni anavuka mpaka kuja kumuulizia mwanamke mzee asiye na mtoto, anayekaa peke yake kwenye kiwanja chake, parseli nzuri karibu na barabara. Utafikiri nini? Minye nilifikiri parseli. Nikafikiri tena, labda ni wale wanaopiga wazee picha za kuonyesha njaa. Nikafikiri na la tatu ambalo silisemi, maana siku hizi katika mji huu maneno mengine hayasemwi na mlango ukiwa wazi. Na mlango niliuacha wazi makusudi, majirani wamuone uso.

Akasema anaitwa Kwizera. Babu yake, kaka wa bibi yake, alikuwa Protais, mpiga gitaa wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, zamani za Wabelgiji na miaka ya kwanza ya uhuru, akiwa na orkestra iliyoitwa Nyota ya Tanganika. Ndipo akafungua kile kifuko. Ndani mlikuwa na taulo, ndani ya taulo sahani ya santuri, nyeusi, imepasuka ukingoni. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina la orkestra tu. Jina la mwimbaji hapana.

"Wazee wa mtaa wetu wa Buyenzi wananiambia aliyeimba humu ni mwanamke wa huku kwenu," akasema. "Anaitwa Charlotte. Wanasema alikuwa anaimba bluzi, mama. Ile ritimu na bluzi ya Waamerika weusi, na saksofoni nyuma. Wanasema akiingia kwenye baa, watu waliokuwa wakigombana walinyamaza."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mama Charlotte? Huyu anayewakemea wasichana wetu wakitikisa bega kidogo kwenye mapambio? Huyu ambaye mwaka jana alikataa tusiweke kinanda, ati kinanda kinaleta dunia ndani ya nyumba ya Mungu?

"Kijana, umepotea," nikamwambia. "Mama Charlotte wetu ni mtu wa Mungu. Yeye ndiye aliyepewa wimbo."

Hapo nieleze, maana asiyesali kwetu hatajua. Kwetu kuna nyimbo za kitabu, na kuna nyimbo ambazo mtu amepewa katika ndoto. Wimbo wa ndoto hauguswi. Hauongezwi neno, hauharakishwi, haupigiwi ngoma. Mama Charlotte alipookoka, pasta wa wakati ule alisimama Jumapili akatangaza kwamba mama huyu amepewa wimbo usiku, na wimbo wenyewe ndio "Fungua mlango, ee Mwokozi, mvua ya dunia inaninyea." Tunauimba mahali pamoja tu, wakati jeneza linateremshwa. Kimanga nzima imeteremka na wimbo ule. Mtu wa hapa akiusikia kwa mbali anavua kofia kabla ya kuuliza ni nani aliyekufa.

Na Eliane wangu pia aliteremka nao. Alikuwa ameenda Kiringye kumsaidia shangazi yake kuvuna mpunga. Aliondoka asubuhi minye nikiwa Kalundu, homa ikamkamata huko huko, na nilipofika nilikuta wamekwisha kumfunika. Siku ya maziko Mama Charlotte mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo, amesimama na fimbo yake kwenye ukingo wa kaburi. Kwaya ikaitika. Minye, kiongozi wa kwaya, sikuweza kutoa sauti. Tangu siku ile, wimbo ule haunitoki kinywani. Ninapandisha mikono, wamama wanaimba, na midomo yangu inacheza bure. Mume wangu Placide amesimama kwenye besi nyuma yangu na hata yeye hajui.

Kwizera akatoa simu. Akasema huko Bujumbura kuna fundi aliyemtolea sauti ya santuri kabla haijavunjika kabisa. "Sikiliza tu, mama. Kama si yeye, nitaomba radhi na kuondoka."

Ilianza kwa kukwaruza, kisha gitaa la umeme, kisha saksofoni ikaingia kwa maringo yake. Nikakunja mikono. Halafu mwanamke akaanza kuimba, na sauti yake niliijua kabla sijasikia neno. Ilikuwa changa, imejaa, lakini ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa mstari ni wa jirani yangu, ndio huo huo anaoniitia kupitia ukuta nimletee chumvi. Kisha nikatambua na wimbo. Ulikuwa unakwenda mbio kidogo na kuruka ruka, lakini ulikuwa ni ule ule, kila kona, kila mpando. Halafu maneno yakanifikia.

*Fungua mlango, wee mwenye wivu,*
*mvua huku nje inaninyea.*
*Kama una mwingine ndani,*
*mwambie avae viatu.*

Mungu wangu! Mwambie avae viatu! Nilihisi uso unaniwaka. Pale tunapoimba "nimeacha ya dunia, nivike vazi jeupe," pale pale kwenye mpando unaowaliza hata wanaume, ndipo palikuwa na viatu vya mwanaume wa mtu.

"Zima," nikasema. Akazima. "Nitumie hiyo sauti." Akanitumia. "Sasa nenda. Mama Charlotte amesafiri, yuko Makobola kwa ndugu zake. Rudi juma lijalo."

Nilipomaliza kusema hivyo, Mama Charlotte akakohoa upande wa pili wa ukuta. Kwizera akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akafunga santuri yake ndani ya taulo taratibu, akasema, "Aksanti, mama, nitarudi," na akatoka bila kuuliza kitu. Adabu ile ilinitia mashaka kuliko kama angenitukana.

Basi nikabaki na simu. Kule Kalundu, nikitandaza ndagala juani, niliweka kisikilizio sikioni nikasikiliza tena na tena. Sikuwa nasikiliza kwa raha. Nilikuwa natafuta mahali pa kumkamatia kijana. Siku hizi komputa inaweza kumchezesha pasta ndombolo na weye ukaapa umemuona kwa macho. Nani aniambie Kwizera hakuchukua wimbo wetu kwenye video ya maziko ya mtu, akautia saksofoni na uchafu wake, akaja kutuchafulia mama yetu? Nililipenda sana wazo hilo. Nilikaa nalo, nikalilisha, na kila niliposikiliza lilizidi kukonda. Kwa sababu komputa ingemwiga Mama Charlotte wa leo, mwenye meno machache. Yule wa kwenye simu alikuwa na meno yote.

Nikaamua kumpima. Palikuwa na kipande cha gitaa mwanzoni, kabla ya sauti kuingia, ambacho kanisani hakipo kabisa. Hakuna anayekijua pale kwetu. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamkuta kwenye mkeka anachambua maharage, mguu mbovu umenyooshwa. Nikachukua ufagio, nikampa mgongo, nikaanza kukipiga kile kipande kwa mdomo, polepole, kama mtu anayefagia bila kufikiri.

Nilipofika mwisho wa kipande, nyuma yangu sauti ikaingia. Ikaingia mahali penyewe hasa, haikuwahi wala haikuchelewa, "Fungua mlango, wee..." Kisha ikakatika. Nikageuka. Maharage yalikuwa yamemwagika mapajani mwake.

"Nani amekupa hiyo?" akaniuliza.

"Weye ndiye utaniambia nani aliyekupa weye," nikamwambia. "Maana pasta alituambia ni Mungu."

Akaanza kuokota maharage moja moja. Nikamwekea simu mbele, nikabonyeza. Alisikiliza mpaka mwisho na hakufunika uso. Ule mguu mbovu ulikuwa unapiga mkeka, tap, tap, na sidhani kama alijua. Kisha akasema, "Saksofoni ile ilikuwa ya Mgoa mmoja mlevi. Angalia anavyochelewa kuingia. Kila siku nilikuwa nikimgombeza." Kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema habari za soko.

Basi akanieleza. Alitoka Makobola msichana, akaenda Usumbura kufanya kazi ya nyumbani kwa Mgiriki mwenye duka la vitambaa. Mgiriki alikuwa na gramafoni na santuri za Waamerika weusi alizoletewa na jamaa yake baharia. Charlotte alipiga pasi ya makaa siku nzima huku zile santuri zinazunguka, na akazishika zote, hata maneno ambayo hakujua maana yake. Pasi ndiyo iliyomfundisha mdundo, akasema, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mwisho wa shati unapumzika. Siku moja kijana akasimama nje ya ua na gitaa begani, akasubiri amalize mashati yote. Huyo alikuwa Protais.

"Walinivalisha gauni jekundu," akasema. "Baa ya Buyenzi ilikuwa ikijaa mpaka watu wanakaa juu ya ukuta. Tulipanda meli mpaka Kigoma, tukapanda meli mpaka Albertville, hii mnayoiita Kalemie. Wanaume waliniita majina ambayo sitakutajia. Minye nilikuwa ninaimba kwa kichwa kilichoinuliwa, Mama Eliane. Usifikiri niliona haya. Haya nilijifunza baadaye, hapa kwenu."

Wimbo wenyewe waliutunga wawili, siku Protais alipomfungia nje kwenye mvua kwa wivu wake wa kijinga. Yeye aliimba kupitia mlango kumtukana, Protais ndani akachukua gitaa akamfuata, na mlango ulipofunguka wimbo ulikuwa umeisha kutungwa. Walirekodi. Waliishi pamoja bila pete, akanitazama kuona kama nitashtuka. Nilishtuka. Halafu mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji kule Burundi, watu walikuja wakamchukua Protais mchana, na gitaa lake limelala kwenye kiti, na hakurudi. Hakuna aliyemwonyesha Charlotte mwili wala kaburi. Akavuka kuja Uvira na kikwembe kimoja kiunoni.

"Hapa Kimanga nilikuta wanamzika mtoto wa jirani," akasema. "Wanateremsha, na hakuna anayeimba, watu wote wamekaukiwa. Kinywa changu kikafunguka chenyewe. Wimbo niliokuwa nao ulikuwa ni ule tu. Maneno niliyageuza pale pale, mstari kwa mstari, naogopa, natafuta neno la Mungu la kuweka mahali pa kila neno la baa. Pasta akaniuliza baadaye nimeutoa wapi. Kabla sijajibu akasema mwenyewe, 'Umepewa katika ndoto.' Jumapili akatangaza."

"Na weye ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba mmelia na wimbo wa baa?"

"Miaka yote hii!"

"Miaka yote hii."

Hasira ilikuwa inanipanda lakini bado nilikuwa naishika. Nikamuuliza lile moja nililokuja kuuliza. "Siku ya Eliane wangu, ulipoanzisha wimbo pale kaburini, ulikuwa unawaza nini?"

Angeweza kunidanganya. Alikuwa amedanganya kanisa zima, minye mmoja ningemshinda wapi? Lakini akasema, "Protais hakuzikwa, Mama Eliane. Kila nikimteremsha mtu wenu, na yeye namteremsha kidogo. Siku ya Eliane pia."

Loo! Nilisimama nikaupiga teke ufagio. Nikamwambia kwamba mtoto wangu si sanduku la kubebea mwanaume wake. Nikamwambia amemzika mpiga gitaa juu ya kifua cha binti yangu, na mbele ya macho yangu, na minye nikamshukuru kwa kumpelekea uji. Nikasema na mengine. Yeye aliendelea kushika maharage yale mkononi. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Ezéchiel.

Papa Ezéchiel ni mkubwa wa wazee wa kanisa. Zamani alikuwa mwalimu, na bado anaongea kana kwamba kila mtu amechelewa darasani. Tangu mke wake afariki wakati wa mvua zilizopita amezidi kuwa mkali. Amekwisha kuwatia watu kwenye disipline kwa sababu ambazo zamani angewakanya tu. Na disipline kwetu si mchezo. Unakaa benchi la nyuma, hushiriki Meza ya Bwana, na ukifa ukiwa humo, pasta haji na kwaya haiimbi. Unateremshwa kimya. Minye nilijua hayo yote nilipokuwa nagonga mlango wake. Mama Charlotte ana umri mkubwa na ule mguu, na kitu kimoja tu alichobaki akikingoja ni kuteremshwa na nyimbo. Nilijua, na bado nikagonga.

Placide aliposikia alinikasirikia. "Mama wa watu ana siku ngapi hapa duniani? Kwa nini usimwache?" Nikamwambia anayetaka kumwacha amwache, lakini asiniombe hata chumvi ya chakula. Hatukuongea mpaka Jumamosi.

Jumamosi tuliitwa kwenye biro, ofisi ya kanisa. Papa Ezéchiel alikaa mezani, mkono wake wa kulia Mzee Habonimana, mkono wa kushoto Mzee Osée ambaye husinzia. Mama Charlotte walimpa kiti karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti, kikwembe chake cha Jumapili kimefungwa vizuri. Nilitafuta usoni mwake kama amekuja kuomba huruma au kunigeuzia kibao. Sikuona kitu. Nilimshuku hata kwa huo utulivu wake.

"Mama Charlotte," Papa Ezéchiel akaanza, "shahidi anasema wimbo wa ndoto haukutoka katika ndoto. Unasemaje?"

"Ulitoka baa," akasema.

Mzee Osée akaamka.

"Unatubu?"

"Baa nilitubu zamani, pasta alinibatiza mtoni na mliona. Gauni nilitubu, pombe nilitubu, kunyamaza natubu leo. Kwa wimbo sitatubu. Wimbo haujamkosea mtu."

"Hukumu ya hilo si yako," Papa Ezéchiel akasema. Akanigeukia. "Mama Eliane, ulisikia maneno yenyewe. Yalikuwa ya namna gani?"

Nikatoa simu. Akainua kiganja. "Hapana. Saksofoni haitapigwa humu ndani. Na mashine siku hizi zinadanganya, ni weye mwenyewe uliyeniambia ulipokuja kwangu. Ninataka shahidi mwenye mdomo. Imba tusikie."

"Niimbe?"

"Unaongoza kwaya, sivyo? Wimbo unaujua. Weka maneno ya baa, tupime kama ni kosa dogo au kubwa."

Nilitaka kusema siwezi. Lakini nikisema siwezi wangeuliza kwa nini, na sikuwa tayari kuwaeleza wanaume watatu kwamba kwa muda wote huu nawaongozea kwaya kwa midomo mitupu. Na hasira ilikuwa bado iko, inanisukuma. Nikasema moyoni, haya, hii si ile ya kaburini, hii ni takataka ya baa, nitaitema hapa na yaishe. Nikasimama nikaimba. Sauti ikatoka, nyembamba na kavu, lakini ikatoka. Mlango, mwenye wivu, mvua. Nilipofika kwenye viatu, Mzee Habonimana akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Papa Ezéchiel akampiga jicho. "Endelea," akaniambia. "Kuna beti la pili?"

Lilikuwepo. Kule Kalundu nilikuwa nimelisikia mara nyingi kama lile la kwanza, lakini sikuwa nimelisikiliza. Nilikuwa natafuta uchafu, na beti hilo halina uchafu, kwa hiyo nililiruka. Sasa nikaanza kuliimba.

*Umeondoka, hukuniaga,*
*sahani yako nimefunika.*
*Bugali umekuwa baridi,*
*kesho nitapika tena.*

Sikufika kwenye kesho. Nilifika kwenye bugali, nikasikia ninachosema, nikakata hapo hapo. Kwa sababu Eliane nilimfunikia. Siku ile aliyoondoka kwenda Kiringye, minye nikitoka Kalundu jioni, nilipakua na fungu lake nikalifunika kwa sahani nyingine, nikidhani atarudi na gari za sokoni. Hakurudi. Kesho yake nikapakua tena. Na pale kaburini kwaya ilipoimba habari za vazi jeupe na mji usio na machozi, minye nilikuwa na neno langu moja, nalo lilikuwa: mbona hukuniaga? Neno hilo halimo katika wimbo wa kanisa. Lilikuwa huku, kwenye baa, kwenye kinywa cha mwanamke mwenye gauni jekundu.

Nililia. Sikulia vizuri, kwa kitambaa, kama mtu anayeheshimu biro. Nililia kwa sauti, nimeshika ukingo wa meza ya wazee, na kamasi, na nikasema jina la mtoto wangu mara nyingi. Wamama waliokuwa wanafagia uwanja wa kanisa waliacha kufagia. Hakuna aliyenikataza.

Niliponyamaza kidogo, Mama Charlotte akaongea kutoka kwenye kiti chake. Nilidhani atanisema, na haki alikuwa nayo.

"Usikate pale," akasema. "Pumzi unaivuta kabla ya 'kesho'. Ukiivuta mapema haitoshi. Na minye pale ndipo ninapomuweka Protais. Weye muweke mtoto wako, nafasi iko."

Mzee Habonimana alikuwa hacheki tena. Alikuwa na kalamu mkononi, na kusema kweli sijui alikuwa anataka jambo liishe au anataka kulikwepa, maana akamwinamia Papa Ezéchiel akauliza kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia wote, "Sasa niandike nini? Disipline?"

Papa Ezéchiel alikuwa amevua miwani na kuiweka mezani, na bila miwani alikuwa mzee tu, mgane mwenye kola iliyofuliwa na mtu asiyejua kufua. Nilimshuku hata yeye, nikasema sasa anatafuta mstari wa kutuhukumu wote wawili.

"Weka kalamu chini," akamwambia Habonimana. Kisha akaniambia mimi, na hakuniangalia, "Mama Eliane, rudia pale pa sahani."

Nikamtazama Mama Charlotte. Alikuwa amekwisha kuanza kupiga sakafu kwa mguu wake mbovu, polepole, kwenda na kurudi, ananingoja. Nikavuta pumzi, nikarudia, na mara hii niliimba mpaka mwisho.